Mwana wa Baba Wawili

Shangping, 9 Septemba 2004

Mdogo wangu Yuquan,

Huku tu wazima. Baba anakohoa asubuhi, mchana hakohoi, jioni anagombana na bata. Kila siku anauliza kama huko kwenye mji wa wachonga mawe unapata wali wa kutosha. Namjibu unapata, maana hata nikisema hupati, atafanya nini?

Ningepiga simu, lakini masikio yako misumeno imeshayala. Mara ya mwisho nilipiga kelele dukani kwa Bi Wen mpaka wateja wakatoka nje, na wewe ukawa unanijibu habari za mvua. Basi tuandikiane.

Jambo lenyewe ni kitabu cha ukoo. Wazee wameamua kiandikwe upya, mara ya kwanza tangu Baba hajazaliwa. Siku hizi hakuna wa kunakili kwa brashi, na mwenye kompyuta kijijini ni mimi na duka langu la picha. Kwa hiyo kazi imeniangukia. Nimenunua programu mbili za kuchora mti wa ukoo ili tuchague moja. Hii inaitwa Msonobari, ile inaitwa Kobe.

Msonobari ni nzuri kwa macho. Inachora kama kitabu cha zamani: vizazi vitano kila ukurasa, mstari mwekundu kutoka kwa baba mpaka kwa mwana, aliye hai jina lake jekundu, marehemu jeusi. Wazee walipoiona walitikisa vichwa kama kuku wanaokunywa maji. Kobe ni mbaya, visanduku vyake kama mabanda ya nguruwe. Ila ina jambo moja ambalo mwenzake hana. Inakubali mtu awe na baba wawili.

Unajua kwa nini nakuuliza wewe. Baba Mkubwa Tinghe alikufa maji walipokuwa wakijenga bwawa, kijana wa miaka kumi na tisa, hajaoa. Bibi akakutoa wewe uwe mwana wa marehemu ulipokuwa na miaka sita. Wakati ule mambo hayo yalikuwa marufuku. Aliyafanya jikoni mlango umefungwa, ukakisujudia kibao cha jina lake kilichofichwa nyuma ya mtungi wa mchele. Na hukuacha kuwa mwana wa Baba. Mtoto mmoja, matawi mawili. Watu wetu wamefanya hivyo siku zote kaka akifa bila mtoto. Kabla hajakata roho Bibi alinishika mkono akasema, "Usiwaache waandike chini ya Tinghe kwamba tawi limekoma."

Msonobari hailijui hilo. Kobe inalijua, lakini mstari wa baba wa pili inauchora kwa nukta nukta, na kwa wazee wetu mstari wa nukta ni wa mtoto wa kuokota. Mzee Jiugen ameapa akiona nukta hata moja atakitupa kitabu chooni.

Jina ni lako, chagua wewe. Kitabu kinachapwa na kufunguliwa Sikukuu ya Siku Fupi, mwezi wa Desemba.

Kaka yako,
Yuliang

*

Karakana ya Mawe, 21 Septemba 2004

Kaka Yuliang,

Karatasi hii ina vumbi la mawe, usiipulize karibu na macho.

Kazi ni ile ile. Asubuhi msumeno, mchana kung'arisha, jioni narudi kuwa binadamu. Sasa wameniongezea kupaka rangi herufi, kwa sababu mikono yangu bado haitetemeki. Mume akifa mke yuko hai, majina yote mawili yanachongwa kwenye jiwe moja. La mume natia jeusi, la mke jekundu. Mke akimfuata, naenda na kopo la rangi kubadilisha. Wateja wanaiogopa sana kazi hiyo. Juzi mama mmoja alinisimamia kichwani: "Kijana, ukilikosea jina langu ukalitia jeusi mzimu wangu utakuandama." Nikamwambia, "Mama, ukiweza kuniandama basi sikukosea." Ke, mwenzangu wa chumba, alicheka mpaka akamwaga rangi.

Kuhusu mti, mimi shule yangu iliishia darasa la nne, usinitwishe mzigo. Chukua hiyo wanayoipenda wazee. Nani ana nguvu ya kugombana na Jiugen? Niandike popote nitakapoenea. Mara moja, mara mbili, mtu ni yule yule na tumbo ni lile lile. Muhimu Bibi alale vizuri alipo.

Mwambie Baba wali upo. Mwambie Mwaka Mpya nakuja, aniwekee zile figili za chumvi, zile za chini kabisa ya mtungi.

Mdogo wako,
Yuquan

*

Shangping, 10 Oktoba 2004

Mdogo wangu,

Figili Baba ameshaziweka. Ameandika juu ya mtungi kwa chaki "zisiguswe", na mimi ni mtu mzima nina watoto!

Tumechukua Msonobari, kama ulivyosema. Imenitoa jasho. Nilikuandika mara mbili, chini ya Baba na chini ya Baba Mkubwa. Programu ikagoma. Ikasema mtu huyu yupo mara mbili na wote wawili wako hai, chagua mmoja. Nikaizunguka huku, nikaizunguka kule, haitaki kuchapa hata ukurasa. Njia niliyoiona ni moja tu, kumfunga mmoja wa hao wawili kwa tarehe ya kufa. Wa Baba Mkubwa siwezi kumfunga, tawi litakoma na Bibi atanitokea. Basi nikamfunga wa kwetu.

Tarehe niliwaza nitie ipi. Nikatia ile siku ya jikoni, siku uliyotolewa, maana kwa namna fulani ndiyo siku uliyotoka kwetu. Kubonyeza tu, programu ikabadilisha yenyewe: ikakuandika kwa herufi ndogo nyeusi kama wanavyoandikwa watoto waliokufa wadogo. Nilicheka, kisha nikaenda kunawa mikono, sijui kwa nini.

Usijali, ni wino tu. Chini ya Baba Mkubwa jina lako linang'aa jekundu kama pilipili. Nimekuwekea ukurasa wenyewe uone.

Kaka yako,
Yuliang

*

Karakana ya Mawe, 25 Oktoba 2004

Kaka,

Ukurasa nimeuona. Sikupenda. Najua nilisema mwenyewe niandike popote, lakini sikusema uniue. Mimi kila siku natia watu rangi nyeusi, sijawahi kuitia kwa aliye hai. Kuna sababu hatufanyi hivyo.

Nakwambia yaliyotokea tangu siku ilipofika bahasha yako, nawe unicheke ukitaka.

Kwanza ni Mama Xie, mpishi wetu. Nimekula mkononi mwake miaka mitatu, huniita Kiziwi, hunikatia kipande cha mafuta kwa siri. Siku ile nilinyoosha bakuli, akasimama na upawa hewani. "Wewe wa zamu gani?" Watu wakadhani mzaha, nami nikacheka. Kesho yake akauliza tena, na mara hii uso wake haukuwa wa mzaha. Sasa bakuli langu haliwekwi, nalichukua mwenyewe.

Halafu Ke. Mchana tukiwa tumepumzika alikuja akanishika bega, akasema karibu na sikio, "Kuna kijana alikuwa mlangoni anakutafuta. Amelowa chapachapa, wala mvua hakuna."

"Anataka nini?"

"Anasema anamtafuta mwanawe. Mtoto wa miaka ishirini hivi, anamtafuta Zhong Yuquan, anasema ni mwanawe! Kiziwi, baba yako alikuzaa kabla hajazaliwa?" Wakacheka wote, mpaka fundi mkuu.

Nilitoka kuangalia. Hapa kila kitu kina vumbi jeupe la mawe, unajua. Kwenye vumbi hilo palikuwa na nyayo za mtu asiye na viatu, kila wayo umekuwa tope. Zimeingia mpaka kwenye gogo ninalokalia kula. Za kutoka sikuziona.

Kaka, rudi kwenye Kobe. Nukta za Mzee Jiugen nitazibeba mimi. Niite wa kuokota, lakini niwe hai pande zote mbili. Fanya hivyo kabla hakijachapwa.

Mdogo wako,
Yuquan

*

Shangping, 8 Novemba 2004

Ndugu Yuquan,

Barua yako imefika. Vumbi na njaa vinaweza kumwonyesha mtu mengi. Kula, lala, utapona.

Niliwapelekea wazee habari za Kobe. Jiugen alipiga fimbo chini: kurasa zote zimeshapangwa, aliyechagua ni nani kama si wewe? Kweli ulichagua. Barua yako ninayo.

Hapa pana jambo dogo, nakuambia lisikuumize. Juzi nilimsomea Baba ulivyoandika. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, akasema, "Yuquan. Maskini. Alikuwa mtoto mzuri." Nikamwambia, Baba, Yuquan yuko kwenye mawe, ana miaka thelathini na nne. Akaniangalia kama ninayemdanganya mtoto. Jana nilikuta bakuli dogo la wali kwenye meza ya mizimu, na vijiti vya kulia vimesimamishwa katikati ya wali, kama anavyowekewa marehemu. Nikaviondoa. Leo vipo tena. Ni uzee.

Mimi pia nimechoka na kazi hii. Nikikaa mbele ya kioo cha kompyuta majina yananiingia kichwani, nikiamka yamepangika yenyewe, kila mtu na mahali pake. Inapendeza, kwa kweli. Hakuna anayening'inia.

Yuliang

*

Karakana ya Mawe, 20 Novemba 2004

Kaka yangu,

Umeniandikia "ndugu". Tangu nijue kusoma hujaniita ndugu hata mara moja. Ulisahau, au mkono uliteleza wenyewe?

Nilichukua kipande cha jiwe kilichotupwa, nikachonga majina matatu. Juu, Tinghe na Tingfu, baba zangu wawili. Chini, jina langu, na mstari kutoka kwa kila mmoja, yote miwili mizima bila nukta. Jiwe halina ubishi wa programu. Nikampaka Baba Mkubwa jeusi, Baba jekundu, na mimi jekundu. Nikaliweka chini ya kitanda likauke. Jioni nikalikuta jina langu jeusi. Nikamshika Ke shati: "Nani kagusa jiwe langu?" Akashangaa kweli. "Mimi. Niliona umekosea rangi, nikakurekebishia. Kwani huyu si marehemu?" Kisha akaniuliza, kwa adabu, mimi naitwa nani.

Na kijana anakuja kila mchana. Sasa namwona mwenyewe. Anasimama nje ya kivuli cha paa, koti la pamba la zamani linamchuruzika maji. Lile koti, kaka, ndilo Bibi alilonivika siku ya jikoni, mikono yake ikaburuta sakafuni. Midomo yake inatikisika lakini mimi sisikii. Hana sura mbaya. Anaonekana mtu aliyengoja sana. Sijamkaribisha.

Sikiliza, wewe ndiye uliyekuwepo. Nilikuwa na miaka kumi. Tuliiba viazi vitamu shambani kwa Jiugen huyo huyo, nikaanguka kwenye mfereji nikavunjika mguu, wewe ukanibeba mgongoni mpaka nyumbani huku ukilia kuliko mimi. Wa miaka kumi! Mtoto aliyekufa na miaka sita ulimbebaje? Mwambie Baba habari hiyo. Mwambie figili. Ifute tarehe ile, Kaka, ni kubonyeza tu. Nami nakuja kabla ya Sikukuu ya Siku Fupi, nikipata ruhusa.

Mdogo wako, mdogo wako,
Yuquan

*

Shangping, 12 Desemba 2004

Kwa mwana wa Baba Mkubwa Tinghe,

Pokea heshima za nyumba yetu.

Nimesoma barua yako mara kadhaa, nimeshindwa kuielewa. Ni kweli tulikuwa na mdogo wetu akiitwa Yuquan. Alifariki na miaka sita, na Baba yangu hajapona jeraha hilo mpaka leo. Bibi alikupa wewe jina lile lile, labda kwa kumkumbuka. Sikulaumu kwa jina ulilopewa. Lakini nakuomba, kama ndugu wa ukoo mmoja, usijiite yeye katika barua. Mzee wangu hawezi kuvumilia.

Habari ya viazi sijui umesimuliwa na nani. Siku ile nilikuwa peke yangu. Nilikimbia na mzigo mgongoni, lilikuwa gunia la viazi. Sikumbuki kama nililia.

Kitabu kimekamilika na kinapendeza. Tawi la baba yako halikukoma, jina lako lipo, jekundu. Ukitaka kuja kwenye ufunguzi, karibu. Nyumba ya baba yako ilianguka zamani, lakini tutakutafutia mahali pa kulala.

Wako katika ukoo,
Zhong Yuliang

*

Karakana ya Mawe, 4 Januari 2005

Kwa Baba yangu Tinghe,

Barua hii haina stempu. Nitaichoma kwenye lile debe tunalotupia makombo ya mawe, huko uliko utaipata kama Bibi alivyopata nguo na viatu vya karatasi tulivyomchomea.

Nilikwenda nyumbani. Ruhusa niliipata kwa urahisi, maana fundi mkuu hakujua ananiruhusu nani. Basi liliharibika milimani, nikafika siku moja baada ya sikukuu. Njia yote ilikuwa nyekundu kwa makaratasi ya fataki. Kitabu kilikuwa juu ya meza ya mizimu, kimefungwa kitambaa. Yuliang alinifunulia ukurasa kwa mikono yote miwili kama anavyofanyiwa mgeni, akaniita "ndugu" na kunipa sigara. Nilimwambia, "Kaka, ni mimi." Akatazama chini. Macho yake yalijaa machozi, na nadhani hata yeye hakujua ni ya nini. Mkewe akawavuta watoto ndani.

Baba Tingfu alikuwa uani na bata. Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini, kwamba yule anayemwekea wali kila siku amekuja kuula mwenyewe? Alinikaribisha, akanifutia kiti kwa kiganja. Aliniangalia sana, mpaka nikatamani kujificha.

"Unafanana na kaka yangu," akasema. "Yule aliyekufa maji."

"Watu husema," nikamjibu. Ilibidi arudie mara mbili ndipo nisikie, na hakuchoka.

Kisha akaingia ndani akatoka na sahani ya figili za chumvi, zile za chini ya mtungi. "Hizi nilikuwa namwekea mtu," akasema. "Nimemsahau ni nani. Kula wewe, umetoka mbali."

Nilikula zote. Alinitazama nikila, na kila nikimaliza kipande alinisogezea kingine kwa ncha ya kijiti, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. Mkono wake ulikuwa unakumbuka, Baba. Yeye mwenyewe ndiye hakukumbuka. Nikaona nikikaa siku ya pili nitamvunja moyo kwa kitu asichokijua. Nikaaga. Akanisindikiza mpaka darajani, akasimama hapo mpaka nikakata kona, akinipungia mkono kama mtu anayeaga mgeni aliyempenda.

Sasa nimerudi kwenye mawe. Mama Xie ananiita Kijana Mpya na ananikatia kipande cha mafuta, anasema nimekonda. Ke amenieleza jinsi ya kushika brashi. Lile jiwe bado liko chini ya kitanda, sijalibadilisha tena rangi. Ukiliangalia vizuri, jekundu linaonekana kidogo chini ya jeusi.

Mchana wa leo hukusimama nje. Niliziona nyayo zako zimefika mpaka ndani ya chumba, zimezunguka kitanda, zikakaa hapo pembeni kama mtu anayeona haya. Usione haya. Wewe hukuniandika popote. Nilitolewa kwako ili upate wa kukuwashia ubani, na mimi kwa miaka yote nilikuwashia haraka haraka Mwaka Mpya, kisha nikakimbilia kula. Wewe ulikuwa ukingoja. Una mwana mmoja tu, na mimi sasa nina baba mmoja tu. Tutafanyaje?

Nimetandika kitanda cha pili, Ke amehamia kwa wenzake, anasema chumba hiki kina unyevu. Nimeweka mabakuli mawili, vijiti nimevilaza kando ya wali, si katikati. Koti lako nitalitundika juu ya jiko likauke.

Mlango sijaukomea. Usibishe hodi, mimi sisikii. Ingia tu.

Mwanao,
Yuquan